Kopo lililobanduliwa lebo
Msimu ule nilikuwa winga wa raga wa kilo 74, mwepesi kama unyoya. Jamaa mmoja wa jimu akanipa poda kwenye kopo lililobanduliwa lebo. "Kunywa tu, wiki sita utajaa." Nikakoroga kijiko kimoja, nikanusa, harufu kama dawa ya ng'ombe. Nikaimwaga kwenye sinki. Si ushujaa jamani, niliogopa tu.

Aphiwe Dyantyi wa Afrika Kusini mwaka 2018 alikuwa chipukizi bora wa raga duniani. Sampuli yake ya Julai 2019 ikakutwa na metandienoni, dawa ya kujenga misuli iliyopigwa marufuku michezoni, na vitu vingine viwili. Miaka minne nje! Wenzake wakabeba Kombe la Dunia kule Japani, yeye hayumo.

Kopo bado ninalo, natilia misumari.