Njia inaanzia wapi

Jumapili usiku, na sauti ya Bibi bado haijanitoka. Wiki hii kaka kapata mtoto wa kike na ofisi yetu imehamia Ubungo, ila tangu Jumanne kichwani mwangu kuna maneno yake tu.

Alikuwa barazani, ungo mapajani, anachagua mchele. Tangu atolewe mtoto wa jicho daktari kamkataza kuinama, basi anachagua kwa vidole: anazisugua punje taratibu, akigusa kijiwe anakitupa uani bila hata kukitazama. Nikakaa miguuni pake na lile daftari langu jekundu mnalolijua, nikamsomea safari yote ya pikipiki ninayoipanga. Siku ya kwanza Bagamoyo, Msata, Chalinze, nalala Morogoro. Ya pili Dumila, napandisha Mamboya, nashukia Mpwapwa. Halafu Dodoma, Manyoni, nachepuka Kilimatinde kutazama bonde kutoka juu, kisha Itigi, Tabora, Urambo, Uvinza, hadi Ujiji chini ya miembe. Njia ya zamani ya misafara, kama kilomita 1,200, mimi peke yangu na pikipiki yangu ya cc 150.

Mkono wake ukatulia ndani ya mchele.

"Unaanzia Bagamoyo?"

"Ndiyo, Bibi. Si ndiko njia inakoanzia?"

"Nani kakwambia?"

Nikasema nimesoma vitabuni.

"Hiyo njia ya wageni, mke mwenzangu. Kwetu hakuna aliyeanzia Bagamoyo."

Akaendelea kuchagua mchele.

Hakugomba wala hakunikataza. Ningekuwa tayari kwa hayo. Kwamba barabara ni hatari, kwamba mtoto wa kike halali njiani peke yake, majibu yake ninayo tangu mwaka jana, Mama kanifundisha kujibu kwa kuniuliza kila siku. Hili la Bibi sikuwa na la kusema. Nikafunga daftari, nikaingia ndani, na niseme kweli, nililia. Miezi saba ya kuchora ramani, halafu mtu ninayempenda kuliko wote ananiambia nimeishika kichwa chini miguu juu. Usiku kucha nilimjibu moyoni. Njia ni njia, Bibi, ina ncha mbili. "Nani kakwambia?" Kila nikigeuka kitandani, "Nani kakwambia?"

Alhamisi nilikuwa kwa fundi nabadilisha cheni na spoketi. Nimekaa kwenye kibao namtazama anavyoivua cheni kuukuu, imekauka, viungo vimekaza, ndipo nikamkumbuka babu yake Bibi. Alikuwa mpagazi, nimewaandikia habari zake huko nyuma. Wanyamwezi waliondoka Unyanyembe, upande wa Tabora ya leo, baada ya mavuno, begani frasila mbili, kama kilo thelathini hivi, au pembe ya ndovu, wakashuka pwani, wakarudi na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya. Kwa mtu kama huyo Bagamoyo ilikuwa mahali pa kufika, autue mzigo, apumzike, ageuze uso kwao. Na jina lenyewe, bwaga moyo, ni neno la anayewasili. Hata waliofikishwa pale wakiwa na minyororo shingoni, nao waliwasili, na mioyo yao waliibwaga kwa namna yao. Chuma na Susi na wenzao, walioubeba mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo mwaka 1873, walipita Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Wote wanatoka bara. Nikafungua daftari pale pale kwenye oili na vumbi, nikaona pembeni mwa kila siku yangu nimeandika vituo vya 1871 vya Stanley, yule mgeni aliyetoka Bagamoyo kumtafuta Livingstone. Nilikuwa nimepanga safari yake. Ya babu zangu sikuwa nimeipanga hata siku moja.

Jana nimepindua ukurasa, nikaandika juu kabisa: Kwihara, kando ya Tabora. Naanzia huko, namalizia Bagamoyo. Pikipiki nitaipakia kwenye fuso la jirani yetu anayefuata asali Sikonge, mimi nipande treni. Mwezi wa saba, mavuno yakiwa ndani. Nitakutana na Mgunda Mkali mapema, lile pori lililowatisha wapagazi kwa kukosa maji, nikiwa bado na nguvu. Nachukua dumu la mafuta la lita tano, tyubu mbili, kebo ya klachi ya akiba. Ujiji itangoja mwaka mwingine.

Nikamsomea tena, pale pale barazani. Safari hii hakunikatiza mpaka mwisho.

"Ukifika Ugogo, maji usinywe bure. Toa hongo."

Anasema hongo kwa maana ya zamani, ile ambayo misafara ililipa watemi wa Kigogo ili ipite na kuchota visimani. Nikamuuliza nitoe nini. Akasema chumvi, au sukari, chochote ambacho mwenye nyumba atakifurahia. Nimeandika kilo tano za sukari, pakiti za robo robo. Nina furaha ambayo sijaipata tangu nimeanza kuiwaza safari hii, nimeilalia jana nikaamka nayo.

Ila jicho lake la kulia ni jekundu tangu asubuhi, linatoa machozi. Kliniki ni Alhamisi. Nimemwambia twende kesho, akasema ni moshi tu. Leo tumepikia gesi.