Tairi zilivyonitesa Kitonga na jinsi nilivyotatua
Jamani mwaka jana nashuka mlima Kitonga na mvua, kila nikigusa breki gari linaserereka, na tairi za mtumba nilinunua Mbeya miezi minne tu nyuma, kashata (meno ya tairi) bado zimesimama vizuri kabisa, nikabaki nalaumu breki. Fundi pale Uyole akanionyesha ubavuni mwa tairi, mwisho wa namba ya DOT (ile inayoanza na herufi DOT) kuna tarakimu nne, zangu 2312, yaani zilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2012!! Mpira mgumu kama soli ya buti, ukiubinya unaona nyufa nyembamba kama nywele. Nikajichanga nikanunua mpya zote nne, saizi 195/65R15 91, hiyo 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615. Siku hizi Mlima Nyoka nashuka na mvua, gari limetulia.