Namna Tulivyosajili Chama cha Kusaidiana Kijijini Kutch

Mwezi Februari mwaka 2018, katika kijiji cha mababu zangu wilayani Kutch, jimbo la Gujarat, nchini India, alifariki mzee aliyekuwa mweka hazina wa umoja wetu wa kusaidiana, na fedha za umoja zikawa kama zimefariki naye. Hakuna aliyeziiba. Zilikuwa benki, rupia 214,000, lakini akaunti ilikuwa kwa jina lake peke yake, kwa sababu umoja haukuwa na cheti cha kufungulia akaunti yake wenyewe, na benki haikumtambua mtu mwingine ila marehemu na warithi wake. Wiki hiyohiyo jirani mmoja alipelekwa hospitali mjini, nasi tukaanza kupitisha bakuli nyumba kwa nyumba, kama watu ambao hawajawahi kuweka akiba hata siku moja.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Babu yangu alivuka bahari kutoka Mandvi, bandari ya Kutch, na nyumbani kwetu tulisema Kikutchi jikoni na Kiswahili barazani. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo, na nilipokwenda Kutch kumwuguza shangazi yangu, wazee walidhani kwamba mtu aliyeshika daftari za chama Tanga hawezi kushindwa na daftari za chama kijijini. Nami nilidhani hivyo. Niliwaahidi kwamba kazi ingekwisha kwa wiki mbili, nayo ikachukua miezi tisa.

Umoja wenyewe ulizaliwa baada ya tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, lililoua watu zaidi ya 13,000 katika Gujarat, wengi wao wa Kutch. Kila nyumba ilitoa rupia 20 kwa mwezi, zikaandikwa katika daftari refu lenye jalada la kitambaa chekundu, ambalo wafanyabiashara wa Kigujarati huliita chopda. Kwa lugha yetu ya pwani kilikuwa chama cha kufa na kuzikana, ingawa kijiji kina Wahindu na Waislamu, kwa hiyo wengine huzika na wengine huchoma maiti zao, na chama kililipia kuni na sanda bila kubagua.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba India haina sheria moja ya vyama inayotumika nchi nzima kwa namna moja. Ipo Sheria ya Usajili wa Vyama ya mwaka 1860, iliyotungwa na Waingereza na bado inatumika, lakini majimbo mengi yametunga zao: Karnataka ina sheria ya mwaka 1960, na Tamil Nadu ina ya mwaka 1975. Gujarat inatumia ile ya 1860, kisha inaongeza juu yake sheria ya amana za umma ya mwaka 1950, iliyorithiwa kutoka jimbo la zamani la Bombay. Maana yake ni kwamba chama kimoja cha hisani hupata vyeti viwili: kimoja kinasema ninyi ni chama, na kingine kinasema mali yenu ni amana ya umma, yaani mali inayotunzwa kwa manufaa ya watu. Shemeji yangu aishiye Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, alinitumia orodha ya karatasi za kwao, nami nikapoteza siku kumi nikizitafuta kabla ya karani mmoja kunieleza kwa upole kwamba nusu yake hazihusiki kwetu.

Sheria ya 1860 ni fupi na si ngumu. Inataka watu wasiopungua 7 watie sahihi hati inayotaja jina la chama, malengo yake, na majina, anwani na kazi za watakaokiongoza, pamoja na nakala ya kanuni iliyothibitishwa na viongozi wasiopungua 3. Maandishi yake ya awali yanataja ada ya rupia 50. Nilipoyasoma hayo nilicheka kwa furaha. Gharama, kama ilivyokuja kudhihirika, zilikuwa kwenye nauli za basi, nakala, stempu, na mhuri wa wakili wa viapo.

Tulipata watu 11, wanawake 3 miongoni mwao, na hapo ndipo miezi mitatu ilipopotelea. Jina la Mgujarati lina sehemu tatu: jina lake, jina la baba yake, na jina la ukoo. Mwanamke akiolewa, jina la katikati huondoka la baba likaingia la mume, na mara nyingi ukoo hubadilika pia. Juu ya hayo, watu huongeza heshima mwishoni mwa jina, 'ben' kwa dada na 'bhai' kwa kaka, na heshima hiyo wakati mwingine huandikwa kama sehemu ya jina na wakati mwingine huachwa. Mmoja wa wanawake wetu, mshona nakshi mwenye umri wa miaka sitini na kitu, alitandika vitambulisho vyake juu ya mkeka mbele yangu: kadi yake ya utambulisho iitwayo Aadhaar ilikuwa na jina la mumewe na 'ben' mwishoni, kadi ya kodi ilikuwa na jina la baba yake bila 'ben', na kadi ya mpigakura ilikuwa na jina la mume lililokosewa herufi moja. Aliziangalia zote tatu, akaniangalia, akasema kwa Kikutchi, 'Basi tuko watatu, zimebaki sahihi nne.'

Kati ya watu 11, waliokuwa na majina yanayolingana katika karatasi zote walikuwa 4 tu. Wengine 7 ilibidi waape mbele ya wakili, kwa karatasi yenye stempu, kwamba fulani wa hapa na fulani wa pale ni mtu mmoja. Ushauri wangu kwa yeyote atakayeifanya kazi hii ni kwamba akusanye vitambulisho kabla ya kuandika neno lolote la katiba, avilinganishe herufi kwa herufi, na achague tahajia moja atakayoifuata mpaka mwisho.

Jina la chama nalo lilitusumbua kidogo. Wazee walitaka kumtukuza Mahatma Gandhi, ambaye kwa vyovyote ni Mgujarati mwenzao, lakini ipo sheria nyingine ya mwaka 1950 ya kuzuia matumizi mabaya ya nembo na majina, na jina lake limo katika orodha ya yale yasiyotumiwa bila ruhusa. Tukachukua jina la bwawa la kijiji, ambalo halina mwenyewe.

Mgogoro wa kweli ulikuwa juu ya malengo. Nilikuwa nimeandika kwamba chama kitasaidia wanachama waliolipa michango yao, kama tulivyozoea Tanga, na baadhi ya wazee walitaka iongezwe kwamba wanachama watakuwa wa jamii fulani peke yake, wale walioanzisha umoja. Mhasibu mmoja wa mjini, aliyesoma rasimu yetu bila kutoza senti, alituonyesha hatari mbili. Kwanza, chama kinachowanufaisha waliochanga tu ni chama cha kusaidiana wao kwa wao, na ni vigumu kukiita cha hisani. Pili, sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 1961 ilikinyima msamaha wa kodi chama cha hisani kilichoundwa kwa manufaa ya dini moja au tabaka moja. Kwa hiyo sentensi moja iliyoandikwa kwa mapenzi ya ukoo ingetufungia mlango ambao hatukuwa tumeufikia bado.

Mkutano wa kujadili sentensi hiyo ulifanyika chini ya mwarobaini, jioni mbili mfululizo. Nitasema ukweli kwamba sikuwa na la kuwaambia wazee wale. Aliyewageuza alikuwa mzee mfugaji wa ngamia, ambaye jamii yake ndiyo ingeachwa nje. Hakulalamika. Aliomba tu daftari jekundu lifunguliwe kwenye kurasa za mwaka 2001, akamwomba kijana asome majina ya waliotoa rupia 20 mwezi wa kwanza. Jina la baba yake lilikuwa la sita. Siku ya pili tukaandika 'wakazi wa kijiji na vijiji jirani, bila kujali dini, tabaka wala jinsia', na hakuna aliyeinua mkono kupinga.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo, na lilitokana na haraka. Nilimlipa wakala mmoja mjini atuandikie kanuni kwa Kigujarati sanifu, kwani Kikutchi tunakisema lakini maandishi ya ofisi hufanyika kwa Kigujarati, na Kigujarati changu ni cha mtu aliyejifunzia herufi kwenye magunia ya duka. Wakala alileta kurasa 14 zilizopigwa chapa vizuri mno. Tulizitia sahihi zote, kila ukurasa, watu 11, wengine kwa dole gumba. Usiku, nikizisoma polepole kwa kidole, niligundua kwamba tulikuwa tumejipa jukumu la kuanzisha chuo cha udaktari, na kwamba ukurasa wa 9 ulitaja jina la chama kingine kabisa cha mji mwingine. Tulizichana. Kijana aliyekuwa akisomea ualimu aliandika kanuni upya kwa siku nne, kurasa 6, akizisoma kwa sauti mbele ya wote huku akizifasiri kwa Kikutchi, na hizo ndizo tulizopeleka.

Ofisi ya chama ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya kaka yangu. Kwa Kigujarati 'kaka' ni baba mdogo, na hadi leo ulimi wangu husita ninapomwita kaka mzee mwenye ndevu nyeupe. Alikubali chumba kitumike, akaandika barua ya kutokuwa na pingamizi, lakini ankara ya umeme iliyotakiwa kuthibitisha anwani ilikuwa bado kwa jina la babu yake. Talati, ambaye ni ofisa wa serikali anayetunza daftari za ardhi na kodi kijijini, alitupatia uthibitisho wa umiliki na risiti ya kodi ya nyumba inayolipwa panchayat, yaani baraza la kijiji, na jambo hilo likaisha kwa siku moja.

Tulipowasilisha faili, yaliyofuata yalikuwa mepesi kuliko nilivyoogopa. Lilitolewa tangazo la kuwaita wenye pingamizi, mwenyekiti wetu akaitwa kuulizwa mali ya chama ni nini na imetoka wapi, akajibu kwamba mali ya chama ni sufuria 12, machela 2, na deni ambalo familia ya marehemu mweka hazina inadaiwa na chama. Karani aliandika sufuria na machela. Deni alisema liandikwe litakapokuwa fedha.

Wakati tunasubiri, likatokea lililonihusu mimi mwenyewe. Siku ya mkutano wa kwanza nilikuwa nimechangia rupia 5,000 taslimu, kwa rupia za India, nikiwa nimeketi pale pale kijijini. Mhasibu alipopitia hesabu alisimamisha kalamu akaniuliza, 'Pasi yako ya nchi gani?' Nikamwambia ya Tanzania, na kwamba nina kadi ya OCI wanayopewa wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine. Akanieleza kwamba chini ya sheria ya michango ya kigeni ya mwaka 2010, kinachotazamwa ni uraia wa mtoaji. Sarafu na mahali havibadilishi neno. Mchango wangu ulikuwa wa kigeni, na chama kisicho na kibali hakiruhusiwi kuupokea. Mweka hazina mpya alinirudishia noti zangu mbele ya mashahidi wawili, akaandika katika daftari, nami nikatia sahihi kupokea. Tangu siku hiyo sikuthubutu kukinunulia chama hata kalamu. Kwa ushauri wa mhasibu huyo nilijiondoa pia katika orodha ya viongozi, nikabaki mwandishi asiye na cheo.

Jambo hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu wengi wa ndugu zetu wa Kutch wako Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Leicester, na kila mmoja ana kiu ya kutuma chochote kijijini. Aliyebaki na pasi ya India anaweza kuchangia akiba yake kwa kupitia benki, kwani yeye si mgeni mbele ya sheria hii hata akiishi ughaibuni miaka arobaini. Aliyechukua uraia wa Kenya, Tanzania au Uingereza ni mgeni, hata kama alizaliwa chini ya mwarobaini ule ule. Kwa kawaida chama huomba usajili wa kupokea fedha za kigeni kikiwa na umri wa miaka 3 na rekodi ya matumizi, au huomba ruhusa maalumu kwa mtoaji na mradi mmoja. Mwaka 2020 masharti yalikazwa: matumizi ya miaka hiyo 3 yafike rupia 1,500,000, na fedha ziingie kwanza katika akaunti ya tawi kuu la State Bank of India mjini New Delhi. Laki 15, kama tunavyohesabu sisi na wao kwa neno moja, ni nyingi mno kwa kijiji kinachokusanya rupia 20 kwa nyumba. Niliwaandikia ndugu zetu wa ng'ambo barua ya kuwaomba wasitume kitu, barua ya ajabu kuliko zote nilizowahi kuandika kwa niaba ya chama.

Vyeti viwili vilitoka mwezi Novemba. Kijana wetu mwalimu aliandika ukutani, kwa chokaa, tarehe zisizosahaulika: orodha ya viongozi ipelekwe ndani ya siku 14 baada ya mkutano mkuu wa mwaka, mabadiliko yoyote ya viongozi yaripotiwe ndani ya siku 90, hesabu zikaguliwe kila mwaka. Kadi ya kodi ya chama ilipofika, benki ilifungua akaunti yenye sahihi mbili kati ya tatu, na mmoja wa wenye sahihi ni yule mshona nakshi, kwa jina moja tu safari hii.

Warithi wa marehemu mweka hazina walikuwa wamekwisha kupata fedha zile benki. Mjane wake alikuja chumbani mwenyewe, akaketi juu ya gunia, akatoa hundi ya rupia 214,000 iliyokunjwa ndani ya pindo la shuka yake. Risiti namba 1 ya chama iliandikwa kwa jina lake. Aliomba asomewe mara mbili, kisha akauliza kama mwezi huo amekwisha kulipa rupia 20 zake.