Tulivyochangisha Fedha za Msitu wa Ndege Wahamao

Karibu kila mtu tuliyemwendea kuomba mchango wa kulinda msitu wanakohamia ndege wakati wa baridi alituuliza jambo moja: msitu huo uko nchi nyingine kabisa, unatuhusu nini sisi? Naamini vijana wa klabu yetu ya ndege walifanikiwa kwa sababu walijifunza kulijibu swali hilo wenyewe, kwa maneno yao, kabla hatujachapisha hata kadi moja ya mchango.

Tulianza kwa kuchagua ndege mmoja. Ni ndege aitwaye mkesha wa msituni, mwenye mgongo wa kahawia na kifua cheupe chenye madoa, ambaye wanasayansi humwita Hylocichla mustelina. Hutaga na kulea makinda mashariki mwa Marekani na kusini mwa Kanada, upande huu tunaoishi, kisha baridi ikikaribia huhamia misitu ya joto, kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama. Uzito wake ni gramu 50 hivi. Mwaka 2009 mtafiti Bridget Stutchbury wa Kanada na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafunga ndege hawa mgongoni vifaa vidogo vinavyorekodi mwanga wa jua ili kujua mahali walipo, na ikaonekana kwamba wanaweza kuruka zaidi ya kilomita 500 kwa siku. Lakini lililowagusa vijana kuliko yote ni kwamba mkesha huyu mara nyingi hurudi kwenye kipande kilekile cha msitu alichokaa mwaka uliotangulia. Kikikatwa wakati yeye yuko huku kaskazini, anasafiri njia yote hiyo na kukuta malisho ya ng'ombe.

Binti mmoja aliyeona haya sana siku za mwanzo ndiye aliyepata maneno yaliyotufaa. Alikuwa akiwaambia watu, "Ndege huyu ana nyumba mbili, na sisi tunalinda moja tu." Tulikuwa pia na bango lenye takwimu iliyotolewa na watafiti mwaka 2019, kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu 1970. Watu walilisoma, wakatikisa kichwa, wakapita. Walipomsikiliza yule binti walisimama, na wengi wakatoa.

Vijana walipotilia shaka kama kazi hii ni ya watoto, niliwasimulia habari za shule ndogo ya Fagervik nchini Uswidi. Mwaka 1987 mwanabiolojia Sharon Kinsman alifika kwenye darasa la mwalimu Eha Kern kueleza juu ya misitu ya Monteverde, Costa Rica, na jinsi inavyokatwa. Wanafunzi wakataka kujua wafanye nini, wakaanza kuchangisha. Fedha za kwanza zilitosha hekta chache tu. Watoto wa nchi nyingine wakaunga mkono, na leo eneo hilo, linaloitwa Msitu wa Milele wa Watoto, lina zaidi ya hekta 22,000 na ni hifadhi ya binafsi kubwa kuliko zote Costa Rica. Baada ya hapo sikulisikia tena swali la "sisi tutaweza?"

Njia iliyotuletea fedha nyingi ni matembezi ya kuhesabu ndege. Mchangiaji anaahidi kiasi fulani kwa kila aina ya ndege tutakayoiona siku hiyo. Tuliyafanya Jumamosi ya pili ya Mei, ambayo ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, kwa kuwa wakati huo wahamaji wamerudi na wanaimba, kwa hiyo aina huwa nyingi. Kila mchangiaji tulimwandikia kikomo cha juu cha ahadi yake ili asiingiwe na hofu, na tulikubaliana kwamba ndege aliyeonwa na mtu mmoja peke yake hahesabiwi. Orodha tuliwatumia jioni ileile. Ahadi ikicheleweshwa hupoa, hivyo ukusanyaji ulianza kesho yake.

Fedha zilikaa kwenye akaunti ambayo wazazi wawili walitia saini, lakini mweka hazina alikuwa kijana, na daftari lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kulipekua. Nasisitiza jambo hili kwa wanaotaka kuiga: kijana aliyeshika daftari huomba mchango kwa kujiamini, kwa sababu anajua kila senti iko wapi.

Kazi nzito ilikuwa kuchagua wa kumpa. Vijana waliandikia mashirika kadhaa wakiuliza: hati ya ardhi inaandikwa kwa jina la nani? Ardhi ikishanunuliwa, nani anailinda, na mshahara wake unatoka wapi? Wakazi wa jirani wanasemaje? Shirika moja lilijibu kwa picha nzuri bila jibu hata moja, tukaliacha. Tulilolichagua lilitutumia ramani, nakala za hati, na maelezo ya askari wa msitu walioajiriwa kutoka vijiji vya karibu.

Hapo ukazuka ubishi mkali. Baadhi walitaka fedha zote zinunue ardhi, maana kutangaza hekta kunapendeza. Mimi nilisimama upande wa mishahara, na bado nasimama hapo: msitu ulionunuliwa ukakosa mlinzi unamsubiri tu mwenye msumeno. Walijadiliana kwa muda mrefu, wakapiga kura, na wakaamua nusu inunue ardhi, nusu iwalipe walinzi.

Risiti ilipofika tulimtumia kila mchangiaji nakala pamoja na ramani ya eneo. Wengi wamekwisha kuahidi kwa ajili ya Mei ijayo. Mweka hazina atakuwa yule binti wa nyumba mbili, maana tumekubaliana kazi hiyo iwe ya kupokezana.