Gari inajua, ila haisemi

Watu ukiwauliza gari ya kesho iweje watakwambia ijiendeshe, ipae, ipige stori na wewe njia nzima. Mimi kupaa siko huko jamani, hapa chini tu kwenye makutano tunashindwa kupishana sasa huko juu itakuwaje. Nachotaka mimi ukikisikia unaweza kuona ni kitu kidogo, nataka gari iniambie kile inachokijua.

Maana inajua mengi sana. Kuna kihisi cha joto (sensa), sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, kila gurudumu lina sensa inayohesabu mzunguko, kompyuta ya injini inapima hewa inayoingia na mafuta yanayochomwa bila kupumzika, yaani hakuna anayeijua gari yako kuliko gari yenyewe. Halafu kukitokea shida inafanyaje? Inawasha kijitaa cha njano chenye mchoro wa injini. Basi, imemaliza. Plagi imechoka, njano. Katalisti, ile inayosafisha moshi kwenye ekzosi, inaelekea kufa, njano. Mfuniko wa tenki haujakaza, njano ileile. Kuna tofauti moja tu, kwamba ile taa ikiwa inawaka na kuzima yenyewe kwa haraka basi mara nyingi kuna silinda haichomi vizuri na mafuta mabichi yanaenda kuunguza katalisti, hapo unatakiwa upunguze mwendo na utafute pa kusimama. Sasa niambie ni madereva wangapi wanajua hilo? Limeandikwa kwenye kitabu cha gari, na kitabu cha gari kipo kwenye droo ya dashibodi hakijawahi kufunguliwa na mtu.

Yangu ilishawaka usiku niko barabara kuu na mvua inanyesha. Nikazima redio eti nisikilize injini, sijui kwa nini huwa tunafanya hivyo maana hata ningesikia kitu nisingejua ni nini. Gari inavuta vizuri, haitetemeki, sindano ya joto iko palepale pa siku zote, ila kile kijitaa kinanitazama tu na mimi nakitazama, na kila lori linalonipita nawaza hapa ikizima ndo nimeisha. Nikaendesha hivyohivyo roho mkononi mpaka nikafika. Asubuhi fundi akainama chini ya usukani, akachomeka kimashine chake cha kusoma makosa kwenye lile tundu la kompyuta ya gari, ikatokea namba ya kosa, P0455. Hakugusa hata boneti. Akazunguka nyuma, akafungua mfuniko wa tenki, akapitisha ukucha kwenye mpira wake akanionyesha ufa mwembamba ambao kwa macho ya kawaida usingeuona. "Mpira umekauka bosi, mvuke wa mafuta unatoka hapa." Ndo hilo tu! Usiku kucha gari ilikuwa inajua kwamba shida iko kwenye mfumo wa mvuke wa mafuta na kwamba injini haina neno, ikaamua kuninunia.

Na lile tundu wala sio siri ya mafundi, liko pale kwa sheria. Marekani ililazimisha gari zote ndogo mpya ziwe nalo kuanzia 1996, Ulaya ikafuata kwa gari za petroli 2001, na namba nyingi za msingi za makosa zinafanana kwa watengenezaji wote, P0301 ni silinda namba moja haichomi sawasawa, hata ukienda kwenye gari ya kampuni nyingine maana haibadiliki. Kwa hiyo taarifa imekaa humo ndani zaidi ya robo karne inasubiri mtu mwenye kimashine. Wakati huohuo skrini zimekuwa kubwa mpaka zinafunika nusu ya dashibodi, zinakuonyesha picha ya mwanamuziki unayemsikiliza, ila kuandika sentensi moja "mvuke wa mafuta unavuja, angalia mfuniko wa tenki, safari unaweza kuendelea" imekuwa ngumu. Na inawezekana bana, zipo gari ambazo zinakwambia kabisa angalia mfuniko wa mafuta, kwa hiyo siongelei ndoto hapa.

Tairi nazo hivyohivyo. Ile taa ya upepo kwa sheria ya Marekani inatakiwa iwake upepo ukishapungua asilimia 25 chini ya kiwango. Maana yake tairi ikiwa imepungua asilimia 20 gari haina wajibu wa kukwambia chochote, na wewe unaenda zako na tairi inapata joto. Tena kuna gari hazipimi upepo wenyewe, zinakisia kwa kuangalia gurudumu lipi linazunguka haraka kuliko wenzake, kwa hiyo zote nne zikipungua pamoja taratibu inaweza isishtuke kabisa. Mimi nataka namba. Mbele kushoto kiasi hiki, nyuma kulia kiasi hiki, na pedi za breki zimebaki asilimia ngapi, kama simu inavyoniambia chaji. Pedi mpaka leo kwenye gari nyingi zinakupa taarifa kwa kupiga kelele za chuma kwa chuma, hiyo ni teknolojia gani sasa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba watu wengine gari zinawaambia. Mwaka 2023 Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, walipitia sera za faragha za chapa 25 za magari na zote zikafeli, hakuna hata moja iliyopita, kampuni zinajipa ruhusa ya kukusanya unakoenda, unavyoendesha, na mambo mengine ambayo hayahusiani kabisa na gari. Kwa hiyo huko mbali kwenye seva kunaweza kuwa na mtu anajua jinsi ninavyokanyaga breki, na mimi ninayezikanyaga sijui pedi zangu zikoje. Hapana kwa kweli.

Vitufe kugeuzwa skrini sitaongea sana maana kila mtu ameshalalamika. Ila lile jaribio la gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, la 2022 huwa nawapa watu wanaoniambia nimezeeka. Waliwapa madereva kazi ndogondogo, kuwasha joto la kiti, kubadilisha redio, vitu vya hivyo, gari ikiwa kwenye 110 km/h. Volvo V70 ya 2005 yenye vitufe vyake vya kawaida, sekunde 10, gari imetembea mita 306. MG Marvel R ya skrini, sekunde 44.9, mita 1,372! Zaidi ya kilomita moja mtu anatafuta kitu kwenye skrini. Nashukuru Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, wameamua kuanzia 2026 gari inayotaka nyota tano iwe na swichi za kushika kwa mkono kwa vitu kama indiketa, honi, waipa na taa za hatari.

Sasa hizi teknolojia za kusaidia kuendesha ndo kwenye utamu na ndo kwenye hofu yangu. Kamera inashika mistari ya barabara, gari inajiweka katikati, safi, unastarehe kidogo. Mbele mistari imefutika, kamera haioni kitu, na gari inaacha kukusaidia. Inakwambiaje? Kwenye baadhi ya gari kialama kidogo kinatoka kijani kinakuwa cha kijivu, mlio hafifu au hamna kabisa. Kwenye 100 km/h unaenda karibu mita 28 kwa sekunde, ukichelewa sekunde tatu kujua kwamba usukani ni wako peke yako umeshaenda zaidi ya mita 80 na hakuna aliyekuwa anaendesha. Iseme kwa sauti! Mistari siioni, shika usukani. Mercedes ule mfumo wao uliopata kibali Ujerumani Desemba 2021, ule ambao wakati huo kwenye foleni ya barabara kuu mpaka 60 km/h uliruhusiwa kuangalia pembeni, ulikuwa unakupa sekunde 10 za kuchukua gari ukihitajika. Angalau huo ulikuwa unaomba. Hizi za kawaida ambazo dereva ndo mwenye dhamana muda wote nazo zinapaswa ziwe na adabu ya kuaga.

Na breki za kujifunga, zile ambazo unaenda zako barabara nyeupe ghafla gari inakukamatia breki kwa ajili ya kivuli cha daraja au sijui nini. Mimi sitaki zitolewe, zinaokoa watu. Ila baada ya kunirusha roho hivyo nina haki ya kuelezwa umeona nini. Inionyeshe hata kapicha, hiki hapa ndo nilidhani ni gari. Nikijua inachanganywa na nini nitajua pia wapi nisiiamini, lakini ikikaa kimya mimi naishia kuizima yote, na nawafahamu wengi wameshazima.

Mwisho kuna hili la gari za mkononi, maana natafuta nyingine ndo maana haya yote yananizunguka kichwani. Muuzaji akiwa na kile kimashine anabonyeza tu kufuta, taa ya njano inazimika, unakuja kukagua dashibodi safi kabisa unasema hii gari nzima. Alama kidogo huwa inabaki, kompyuta ikishafutwa inaanza upya vipimo vyake vya ndani na inachukua mwendo wa kutosha mpaka vyote vikamilike, kwa hiyo ukichomeka kimashine chako ukakuta vipimo vingi havijakamilika jiulize kwa nini kompyuta imefutwa juzijuzi. Lakini kwa nini niende na kimashine kama mpelelezi? Iandikwe palepale kwenye skrini kubwa, taa iliwaka lini, kwa kosa gani, imefutwa lini, injini ilishawahi kuchemka au haijawahi, na niisome muuzaji akiwa amekaa kiti cha pembeni.