Tulihama Njombe kwa ajili ya damu ya mtoto

Naandika hii kwa sababu haipiti wiki mtu hajaniuliza, dada mlihamaje, na je na sisi tukihama mtoto atapona? Mimi sio daktari, ni mwalimu wa sekondari, nitasema yaliyonikuta kwangu tu. Nimelea mtoto mwenye siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, miaka minne Njombe na sasa huu mwaka wa tatu tupo Morogoro, na kuna vitu natamani mtu angeniambia kabla sijafunga hata boksi moja.

Mimi kwetu Korogwe, baba watoto kwao Kyela. Tulikutana chuo, ajira ikanipeleka Njombe, yeye akanifuata akafungua duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Hakuna kati yetu aliyejua damu yake imebeba nini. Mtoto wa kwanza binti, mzima kabisa. Wa pili ni huyu kijana wangu, alipofika miezi nane akavimba viganja na nyayo, ukimgusa tu analia mpaka sauti inakauka. Wengine wakasema kang'atwa na mdudu, jirani mmoja akasema hapo kuna mkono wa mtu, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba karibu niamini. Ilipopimwa damu ndo tukasikia neno selimundu, yaani siko seli, kwa mara ya kwanza, tukapimwa na sisi, wote wawili tumebeba kinasaba kimoja kimoja, yaani sisi wenyewe hatuumwi ila kila mimba tukishika kuna robo ya uwezekano mtoto akachukua kwa baba na kwa mama akazaliwa nao. Mama mkwe alitaka sana kujua umetoka upande gani, nikamwambia mama, umetoka pande zote mbili, upande mmoja peke yake usingemfanya aumwe.

Baadae nilikuja kuelewa kitu kikaniuma. Hicho kinasaba kimejaa sehemu za malaria, huko kwetu Tanga, Kyela, kanda ya ziwa, kwa sababu mwenye kimoja malaria kali haimuui kirahisi. Kwahiyo mababu zetu wa joto na mbu ndo waliotuachia, na sisi tukaenda kumzalia mtoto wetu kwenye baridi, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Asiyeijua Njombe ya Juni na Julai nimwambie hivi, unaamka unakuta sakitu nyeupe, umande ulioganda, kwenye majani, maji ya bomba yanachoma vidole kama moto, na nguo ulizoanika juzi bado mbichi. Kwa mtoto wa siko seli baridi ile sio usumbufu tu. Mwili ukipoa mishipa midogo inasinyaa, na zile seli zake zilizojikunja kama mundu zinakwama humo ndani, sehemu ya mbele inakosa oksijeni, ndo maumivu yanaanza. Kijana wangu alikuwa anasema "mama mfupa unalia". Alikuwa na miaka mitatu, hilo neno alilitunga mwenyewe. Tulimvalisha sweta mbili na soksi mbili, tukaweka jiko la mkaa chumbani usiku na madirisha tumefunga, mpaka siku nesi mmoja aliposikia akanishika mkono akaniambia mama, huo mkaa ukifungiwa ndani unatoa hewa isiyo na harufu, inakaa kwenye damu pale pale oksijeni inapotakiwa kukaa, mtaamka mmekufa wote na huyu atatangulia. Toka siku hiyo jiko likabaki nje.

Mwaka wa mwisho Njombe tulilazwa mara sita. Ya Julai ndo iliyoamua, usiku baba yake kambeba mgongoni amemfunga blanketi, bajaji hamna, mimi nyuma na kadi ya bima mkononi, mtoto kaacha hata kulia anaguna tu. Asubuhi yake daktari akasema kuhama sio dawa, lakini kwa huyu baridi ndo inayomchokoza mara nyingi, kama mna namna fikirieni. Baba watoto akanitazama akasema, "Mama, tuhame."

Kusema tuhame ni rahisi. Barua yangu ya kuomba uhamisho na barua ya daktari juu ilikaa ofisi moja miezi, nikifuatilia naambiwa ipo mezani, siku nyingine naambiwa haionekani, andika nyingine. Nikaona nitafute mtu wa kubadilishana naye, nikaweka tangazo kwenye magrupu ya walimu, mwalimu wa fizikia na hesabu nipo Njombe natafuta wa Morogoro, Pwani au Tanga. Baada ya miezi mitano akapatikana mwalimu wa Morogoro mwenye masomo yangu, mama yake mgonjwa yuko Njombe, anataka kurudi kumuuguza. Tulilia wote kwenye simu. Duka lilichukua muda zaidi, baba watoto alibaki miezi minane anauza mali kidogo kidogo na madeni mengine hayajalipwa mpaka leo. Binti yangu aliacha marafiki zake wote na bibi wa jirani aliyekuwa anamsuka kila Jumamosi. Alikuwa na miaka minane, hakulalamika hata mara moja, na ndo kitu kinachoniumiza zaidi nikikumbuka.

Safari yenyewe naikumbuka mpaka kwenye ngozi. Makambako, Mafinga, Iringa, bado tuna masweta, tukaanza kushuka Kitonga kona kwa kona na kila kona joto linaongezeka, tulipofika Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu na mibuyu kijana akavua sweta mwenyewe, akavua soksi, akatoa miguu nje ya kiti akasema mama kumepikwa hapa. Nikajua tumeshinda.

Hatukuwa tumeshinda, na hapa ndo nataka mnisome vizuri. Watu wengi wanadhani kwa vile siko seli inahusiana na malaria basi mtoto mgonjwa analindwa. Hapana. Anayelindwa ni mwenye kinasaba kimoja, kama mimi na baba yake. Mwenye viwili akipata malaria damu yake ambayo tayari ni kidogo inaharibika kwa kasi, anaweza kuondoka ndani ya siku mbili. Na mtoto aliyekulia Njombe, mkoa ambao malaria ni ya nadra sana, hana kinga yoyote ya kujengwa na mwili. Daktari alituambia hayo kabla hatujaondoka, nikaitikia, nikanunua chandarua, ila kichwani mwangu adui alikuwa baridi. Masika ya kwanza, Aprili, kulikuwa na usiku mbili tatu za joto kali tukalala bila kukishusha. Kijana akapata malaria, kipimo cha wingi wa damu kikashuka mpaka 4, macho manjano, midomo imepauka. Wakamuongezea damu na mimi nimekaa pale chini ya dripu nawaza nimemtoa kule nimemleta huku kumuua. Alipona, Mungu ni mwema, na toka hapo chandarua kwetu hakina mjadala, hata umeme ukatike feni izime.

Halafu joto lenyewe. Jasho likitoka na maji hayarudi mwilini damu inakuwa nzito na zile seli zinakwama vile vile kama kwenye baridi. Kraisisi yake ya kwanza Morogoro, yaani yale maumivu makali, haikuwa ya baridi, ilikuwa ya kushinda shule bila maji halafu mpira mchana jua la Novemba. Nilienda kuongea na mwalimu wake, sasa anaruhusiwa chupa darasani na kutoka kukojoa bila kuomba ruhusa, maana anayekunywa sana lazima atoke sana, na mtoto akichapwa au kuchekwa kwa kutoka ataacha kunywa.

Kwa hesabu zangu mwaka wa kwanza huku tulilazwa mara tatu, mwaka uliopita mara moja. Je ni hali ya hewa? Sehemu ndio, naamini kabisa. Ila pia tulivyofika huku ndo alianzishwa haidroksiurea, ile dawa inayofanya mwili utengeneze tena hemoglobini (kile kinachobeba oksijeni kwenye damu) ya uchangani ambayo haijikunji, na anapimwa damu kila baada ya muda kuangalia kama inamfaa. Siwezi kutenganisha kipi kimefanya nini. Ndo maana mtu akiniuliza ahamie wapi namuuliza kwanza, huko unakotaka kwenda kliniki ya siko seli ipo? Vidonge vya folik vya kusaidia mwili kutengeneza damu unapata? Penisilini ya kuzuia maambukizi kwa walio chini ya miaka mitano? Damu ya kuongezewa ikihitajika usiku inapatikana? Sisi tulichagua Morogoro badala ya Korogwe kwa mama yangu kwa sababu hiyo, japo roho yangu ilitaka Korogwe, na sasa kwa treni ya SGR ni chini ya masaa mawili mpaka Dar, iliko hospitali ya Muhimbili, nikiitwa naenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Yule mwalimu tuliyebadilishana bado tunawasiliana, mama yake anaendelea vizuri. Mwezi wa saba alinitumia picha ya sakitu kwenye uwanja wa shule yangu ya zamani. Kijana akaangalia akauliza mama hii chumvi nani kamwaga? Amesahau kabisa. Dada yake akaangalia kwa muda mrefu, akanirudishia simu, hakusema kitu.

Jumanne tuna kliniki na nimejiandaa kuuliza habari ya kupandikiza uloto, ile sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, pale Dodoma hospitali ya Benjamin Mkapa wameshawafanyia watoto wenye siko seli. Anatakiwa ndugu anayefanana naye kwa vipimo vya damu, sio kwa sura, na kwa watoto wa baba mmoja mama mmoja uwezekano ni robo, ile ile robo. Binti amesema yupo tayari kupimwa, kaniambia mwenyewe juzi tunaosha vyombo. Nikirudi nitaandika.