Mbaazi hazina hatia

Jioni hii baada ya Magharibi jirani yangu alikuja barazani na karatasi mkononi. Amepimwa, ameambiwa ana gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, na jamaa yake mmoja aliyemtakia heri akamwandikia vya kuacha: nyama, samaki wote, mbaazi, maharagwe, kunde, mchicha, uyoga. Akaniuliza, "Sasa kaka, mimi nile nini?" Mimi naishi na gauti miaka mingi, na swali hilo najua uzito wake. Tulikaa mpaka adhana ya Isha, na bado nahisi sikumwambia yote.

Tulianzia kwenye mbaazi, kwa sababu kumnyima mtu wa Mombasa mbaazi za nazi na mahamri asubuhi ni kumwondolea siku nzima. Ni kweli mbaazi na mchicha vina purini, na purini ndiyo mwili huivunja ikawa asidi ya yuriki. Lakini mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12 huko Marekani. Waliokula sana nyama na vyakula vya baharini walipata gauti zaidi. Waliokula mboga na jamii ya kunde zenye purini hawakuwazidi wenzao. Waliotumia maziwa, hasa yasiyo na mafuta mengi, walipata pungufu. Kwa hiyo mbaazi zangu sikuziacha, na maziwa lala nimeyaongeza.

Ugonjwa wenyewe chanzo chake ni hiki. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja asidi ya yuriki. Sisi binadamu hatunacho, tunategemea figo ziitoe kwenye mkojo. Ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, huanza kuganda chembechembe, kama chumvi inavyobaki kwenye sufuria ukichemsha maji ya kisima chetu. Chembe hizo hupenda viungo vya pembeni vyenye ubaridi, ndiyo maana kidole gumba cha mguu hushikwa kwanza, tena usiku. Aliyewahi kushikwa anajua hata upepo wa feni huuma.

Vya kupunguza kwa dhati ni maini, figo, dagaa, kamba, na ule mshikaki wa kila jioni. Samaki kama changu au tasi nakula kipande, si kila siku. Bia situmii, ila kwa anayetumia, hiyo ni mbaya kwa njia mbili: pombe yenyewe, na purini iliyomo ndani yake.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi hapa Pwani ni sukari, na kwenye ile karatasi haikuandikwa hata mara moja. Soda, juisi ya miwa, glasi kubwa ya juisi ya maembe, chai ya maziwa iliyokolezwa mpaka midomo inanata. Fruktosi iliyomo humo huifanya ini itengeneze asidi ya yuriki zaidi, na watu wanainywa wakidhani wamejizuia kwa sababu hawakula nyama. Kiu ikinishika mjini sasa nanunua dafu, au nabeba maji yangu. Kahawa chungu nimeachiwa, alhamdulillahi. Tafiti zinaonyesha wanywaji wa kahawa hupata gauti kwa uchache. Kashata inayokuja nayo ndiyo nimeiaga.

Vigumu kuliko vyote ni sinia. Chakula chetu ni cha kula pamoja, na kwenye harusi ukisukuma nyama pembeni, mwenyeji anaumia. Mama mkwe wangu alikuwa akinipakulia nyama ya biriani kwa mapenzi, nikiipunguza ananiuliza, "Mwanangu, chakula changu kimekukosea nini?" Mke wangu ndiye aliyekaa naye jikoni akamweleza maradhi yangu taratibu, bila mimi kuwepo. Tangu hapo ananiwekea wali, kachumbari, kipande kimoja cha nyama na bakuli la mtindi, na hasemi kitu mbele za watu. Namwombea dua kwa hilo. Mgonjwa wa gauti anahitaji mtu wa kumsemea mezani kuliko anavyohitaji orodha.

Uzito nimepunguza polepole, kwa kutembea ufukweni Mama Ngina alfajiri kabla jua halijachoma. Polepole ni muhimu, maana kujinyima chakula ghafla hupandisha asidi na kuita maumivu.

Halafu kuna dawa, na hapa nilimsihi jirani yangu hasa. Lishe pekee hushusha asidi kidogo tu; mwenye 9 akila kwa adabu mwezi mzima huenda akafika 8, na lengo la matabibu ni chini ya 6, yaani maikromoli 360 kwa lita. Alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, imetoka kwenye kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988, na wengi wetu tunaihitaji kwa muda mrefu. Miezi ya mwanzo inaweza kuamsha maumivu, watu wakaitupa wakidhani imewadhuru. Ndiyo sababu daktari huongeza kidogo kolkisini, dawa ya kuzuia maumivu hayo, kipindi hicho. Upele ukitokea, hilo ni jambo la kuacha dawa na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Pia aonyeshe vidonge vyake vya presha, kwa kuwa baadhi ya vile vya kukojoza hupandisha asidi. Asiviache mwenyewe, aulize kama kuna vingine.

Kilichobaki ni Ramadhani. Kufunga kwenye joto letu hukausha mwili, na futari zetu zimejaa sharubati na sambusa za nyama. Mimi hugawa maji kati ya futari na daku, naanza kwa tende chache na uji usio na sukari nyingi. Jirani yangu figo zake bado hazijapimwa, kwa hiyo tumekubaliana aende kliniki mapema, Rajabu au mwanzo wa Shaaban, aulize kama anaweza kufunga na dawa ameze saa ngapi. Nitamsindikiza.